Sakafu ya mbao iliyochakaa: ipigwe msasa au ing'olewe?

Mwite fundi wa taili aione sakafu yako ya mbao iliyochoka, atakwambia ing'olewe. Mwite seremala, atakwambia mbao kama hii huipati tena, ipigwe msasa. Kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na mwenye nyumba anabaki katikati na bei mbili ambazo hazilinganishiki, kwa kuwa kila moja ni ya kazi yake.

Nyumba za zamani za Isamilo, Capri Point na vilima vingine vya Mwanza bado zina sakafu hizi: vibao vifupi vya mninga, mvule au mkongo, vimepangwa mshazari au miraba juu ya zege na kubandikwa kwa lami. Aliyeinunua nyumba au kuirithi anakuta vibao vimefifia, vingine vina weusi, vingine vinacheza ukivikanyaga, na rafiki wa kwanza kuingia anamuuliza anangoja nini kuweka marumaru.

Ninavyoona mimi, swali la msasa au kung'oa huulizwa mapema mno. Sakafu ya mbao ina tabaka nne: vanishi juu, kisha mbao, kisha gundi, kisha zege. Kila tabaka huharibika kwa sababu yake na hutibiwa kivyake. Macho huona la juu tu, na mafundi wengi hutoa bei kwa walichokiona.

Anza na vanishi. Chagua sehemu tatu: mlangoni anapopita kila mtu, katikati ya sebule, na pembeni ambako kochi limekaa miaka. Dondosha matone machache ya maji kila sehemu, usubiri dakika tano hivi. Maji yakibaki yamejikusanya juu, vanishi ingali inafanya kazi hata kama imefifia na ina mikwaruzo. Yakinywewa na kuacha doa la giza, kinga imekwisha hapo, na kila asubuhi unapodeki unainywesha mbao maji. Sakafu inayozuia maji kila mahali haihitaji kukwanguliwa mpaka kwenye mbao. Inasuguliwa juu juu kwa msasa laini, namba 120 au 150, inafutwa vumbi vizuri, inapakwa mkono mmoja au miwili ya vanishi. Ni kazi ndogo, na ajabu ni kwamba watu wachache sana huifanya. Wengi hungoja mpaka mlangoni pawe peupe.

Ila hapo kuna kikwazo cha polishi. Sakafu nyingi zimepakwa polishi ya nta miaka nenda miaka rudi, na wako waliokuwa wakiyeyusha mshumaa kwenye mafuta ya taa na kuipaka wenyewe siku za sikukuu. Vanishi haishiki juu ya nta, itabanduka kwa maganda ndani ya miezi michache, kisha atalaumiwa muuza rangi. Chukua kitambaa cheupe chenye tapentaini, sugua pembeni. Kikitoka na uchafu wa njano au kahawia unaonata, nta ipo. Basi ile njia fupi haipo tena kwako. Nta ifutwe kwa tapentaini, vitambaa vikibadilishwa mara kwa mara, ndipo msasa mzito uingie, la sivyo kila karatasi ya msasa itajaa gundi ya nta baada ya hatua mbili.

Msasa mzito una gharama ambayo haimo kwenye risiti, nayo ni unene wa mbao. Ukipiga kutoka karatasi ya namba 40 mpaka ya 100 au 120, unaondoa kati ya nusu milimita na milimita moja hivi, zaidi kama mkono wa fundi ni mzito. Vibao vingi vya zamani vilikuwa na unene wa kama milimita 20, lakini huo wote si wa kutumia. Vile vilivyounganishwa kwa ulimi na mfereji ubavuni, ulimi wa kibao kimoja ukiingia kwenye mfereji wa kingine, vina kama milimita sita tu juu ya ulimi, na hiyo ndiyo akiba yako. Nyumba iliyopigwa msasa mara tatu au nne na mafundi tofauti inaweza kuwa imebakiwa na mbili. Kuna pia vibao vyembamba sana, vya milimita nane hivi, vinavyobandikwa vitano vitano kwa miraba. Hivi havina ulimi, kwa hiyo vinavumilia msasa kuliko wembamba wake unavyoonyesha, lakini navyo vina mwisho.

Kupima unene hakuhitaji utaalamu. Fungua kile kipande cha bati au mbao kinachofunika mwisho wa sakafu mlangoni, uone ubavu wa kibao cha mwisho. Kama hakuna, ng'oa kibao kimoja kilicholegea nyuma ya kabati, ukipime kwa rula. Chini ya milimita mbili juu ya ulimi, usiruhusu mashine. Ukipuuza, kingo zitaanza kumeguka kando ya maungio, vijiti vyembamba vinavyong'ang'ania soksi na kuchoma miguu ya watoto, na hapo hakuna tena cha kujadili.

Madoa huwatisha watu kuliko yanavyostahili. Duara jeusi chini ya chungu cha maua au ndoo ya bati ni maji, chuma na tindikali asilia ya mbao vimekutana. Asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji huondoa mengi ya madoa hayo, mradi uvae glavu na uisuuze vizuri. Mraba uliopauka ulipokuwa zulia ni kazi ya jua na huisha kwa msasa. Mkojo wa paka au wa mtoto huzama ndani, na hapo mara nyingi kubadilisha vibao vichache ni rahisi kuliko kuvifuta. Vibao vya kubadilishia usivitafute dukani kwanza. Vichukue chini ya kabati la ukutani au stoo ya nyumba hiyo hiyo, kwa kuwa vina umri, unene na rangi ile ile. Mashimo ya stoo yazibwe kwa vipya, nani ataviona?

Wadudu ni habari nyingine. Choma kwa ncha ya bisibisi palipo na mashaka. Ikizama bila kubishana, mchwa wameshakula. Kiini cha mninga na cha mvule huwashinda mchwa kwa kiasi kikubwa, lakini ile sehemu nyeupe ya nje ya mti haina ujanja, na fundi wa zamani aliyekuwa mbahili aliiacha kwenye baadhi ya vibao. Vitundu vidogo vyenye unga laini pembeni ni bungua. Kubadilisha kibao bila kutibu udongo na nyufa za zege ambamo mchwa wanapandia ni kuwaandalia chakula kingine.

Sasa gundi. Chukua mpini wa bisibisi, piga magoti, gonga kibao kwa kibao. Kilichoshika hutoa sauti nzito na fupi, kilichoachia hulia kama debe tupu. Kila kinacholia kitie alama ya chaki. Nusu saa ikipita simama mlangoni uangalie chaki zako zimekaaje, maana mpangilio wake una maana kuliko idadi. Alama zikisambaa ovyo chumba kizima, lami imezeeka na kukauka tu, jambo la kawaida kwa sakafu ya miaka hamsini. Zikijipanga kando ya ukuta mmoja, au zikizunguka mlango wa bafu, kuna maji yanaingia na gundi imeachia kwa sababu yake.

Vibao vichache vilivyolegea vinabandikwa upya, lakini si kwa gundi nyeupe ya seremala juu ya lami ya zamani, haitashika. Lami ikwanguliwe chini ya kibao na juu ya zege, ndipo itumike gundi ya sakafu za mbao. Hapa sina mzaha: usimruhusu mtu asage lami hiyo kwa grinda kavu. Baadhi ya gundi za lami za zamani zilichanganywa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Ikwanguliwe taratibu ikiwa imeloweshwa, taka zifungwe kwenye mifuko, watoto wawe kwa shangazi siku hiyo.

Kama zaidi ya theluthi ya chumba inalia debe, lipo jambo ambalo fundi wa taili na seremala wote hawalitaji, la kung'oa vibao vyote kwa uangalifu, kuvisafisha, kurekebisha zege na kuvipanga upya vile vile. Ni kazi ya mikono mingi na siku nyingi, na ndiyo maana hailetwi mezani. Lakini mbao inabaki ya kwako. Kwa mninga mnene uliokauka miongo kadhaa ndani ya nyumba, mara nyingi hiyo ndiyo hesabu nzuri kuliko zote.

Tufike kwenye zege na maji, maana kwa Mwanza hapa ndipo sakafu nyingi huamuliwa. Jiji limekaa juu ya majabali. Mvua karibu milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi ikinyesha kati ya Oktoba na Desemba na tena kati ya Machi na Mei, inapiga jabali, haina pa kuzama, inateremka yote mpaka inapokuta udongo. Udongo huo mara nyingi ni ule wa nyuma ya msingi wa nyumba yako. Mvua inakatika, jua linawaka, na siku kadhaa baadaye maji bado yanachuruzika kati ya mwamba na msingi bila mtu kuyaona. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni chini ya zege, kwa hiyo unyevu unapanda wenyewe. Ndiyo sababu chumba cha nyuma kinachoegemea jabali kinaharibika wakati sebule inayotazama ziwa, yenye vibao vile vile na umri ule ule, ingali imara.

Dalili zinasomeka: rangi inabanduka sehemu ya chini ya ukuta, chumvi nyeupe inachomoza kwenye plasta, na vibao vimeinua kingo huku katikati pamebonyea. Huko kuinua kingo maana yake upande wa chini umelowa kuliko wa juu. Kosa baya kuliko yote ni kupiga msasa sakafu ikiwa katika hali hiyo ili iwe tambarare. Utaondoa kingo zilizoinuka, sakafu itapendeza, kisha kiangazi kitakuja, upande wa chini ukauke, kibao kirudi umbo lake, na sasa katikati ndipo patakuwa mlima. Milimita mbili za mbao zimekwenda bure. Sakafu iliyoinua kingo huachwa mpaka chanzo cha maji kizibwe na miezi kadhaa ipite. Mara nyingine hurudi yenyewe karibu na usawa wake bila msasa wowote.

Kuhakikisha, ng'oa kibao kimoja au viwili chumba cha mashaka, safisha zege, bandika kipande cha nailoni angavu juu yake kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa, ukiache usiku na mchana. Kukiwa na ukungu wa maji upande wa ndani, au zege limegeuka jeusi, unyevu unatoka chini. Fanya hivyo wakati wa mvua. Kipimo cha Agosti kitakudanganya.

Tiba ya unyevu wa jabali iko nje ya nyumba: mfereji unaoyakamata maji kabla hayajafika kwenye msingi na kuyapeleka pembeni, mabomba ya paa yasiyomwaga ukutani, na udongo uliorundikana juu ya usawa wa sakafu uondolewe. Hakuna vanishi inayofanya kazi hiyo. Kwa nyumba za bondeni karibu na ufuko hesabu ni ngumu zaidi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kiwango ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960, na maji ya chini ya ardhi hupanda pamoja nalo. Mfereji hauwezi kuliteremsha ziwa. Kwa nyumba kama hiyo mimi ningeng'oa mbao bila kusita, nikaweka vigae, na vibao vizuri nikavipeleka kwenye nyumba ya mlimani.

Kuna maji mengine tunayoyaleta wenyewe kwa ndoo. Kudeki kwa kumwaga maji na sabuni ya unga, kisha kuyasukuma mpaka barazani, kunafaa sakafu ya saruji. Kwenye mbao maji yanaingia kwenye maungio, na vanishi ya juu inayazuia yasitoke. Dekio lililokamuliwa likabaki na unyevunyevu tu linatosha. Mwenye nyumba asiyeweza kukubaliana hilo na anayedeki, aseme mapema kabla hajalipia msasa.

Tuseme majibu yote yamekuja vizuri: unene upo, gundi imeshika, zege kavu. Msasa ndio jibu, na sasa kinachobaki ni fundi na majira. Muulize ana mashine gani kabla hujamuuliza bei. Mwenye grinda na diski ya msasa ataacha mawimbi na duara duara ambazo huzioni siku ya kukabidhiwa, ila utaziona kila jioni jua la upande wa ziwa likiingia dirishani kwa mshazari. Inatakiwa mashine ya kusimama, yenye ngoma au mkanda, na ndogo ya pembeni kwa kona. Mashine hizo zinataka umeme wenye nguvu, na umeme ukikatika ngoma ikiwa imegusa mbao inaacha shimo refu kama bakuli, kwa hiyo fundi mzoefu huinua kwanza kabla ya kusimama na hafanyi kazi saa za jioni umeme unapolegea. Vumbi si la kupuuzwa: la mvule linajulikana kwa kuwasha pua, ngozi na kifua. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Vanishi iwe ya sakafu, ya poliyurethini, mikono mitatu. Ile inayopulizwa kwenye makochi inakauka upesi na kung'aa, ndiyo maana mafundi wa samani wanaipenda, lakini chini ya viatu inapasuka na kugeuka nyeupe. Ya mafuta inataka karibu siku nzima kati ya mkono na mkono, ya maji saa chache. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta yatandazwe nje yakauke, yasirundikwe stooni, kwa kuwa rundo hilo linaweza kujipasha joto mpaka likashika moto bila kiberiti.

Miezi mizuri ni Juni mpaka Septemba. Lakini hata kiangazi Mwanza ina adui wake wa vanishi mbichi: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa, ambao wingi wao huongezeka siku chache baada ya mwezi kuandama. Aliyepaka saa kumi na mbili jioni na kuwasha taa ili amalizie kona, asubuhi anakuta sakafu imeota nywele. Paka asubuhi, na ikifika magharibi madirisha yawe na wavu na taa za chumba hicho zizimwe.

Je, kama jibu ni kung'oa? Sababu halali ni tatu tu: mbao imebaki nyembamba mno, mchwa wamekula sehemu kubwa, au maji ya chini hayazuiliki. Kuchukia rangi hakumo, kwani msasa hubadilisha rangi. Ukiamua kurudishia mbao mpya, kigumu ni kupata iliyokauka. Mbao nyingi za mabandani zimekatwa juzi, na ukibandika kibao kibichi leo, baada ya miezi michache utakuwa na nyufa za kuingiza sarafu. Muuzaji asiyekuruhusu kuipima kwa kipimo cha unyevu, ambacho kinapaswa kusoma karibu asilimia 12, umwache. Umwombe pia karatasi za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na uangalie alama ya nyundo, ule muhuri wa maofisa wa misitu unaogongwa kwenye mbao, kwa kuwa mninga na mkongo ni mbao zinazosakwa na bila hati mzigo unaweza kukamatwa ukiwa umeshaulipia. Paini ya shamba la miti la Sao Hill ni rahisi kupatikana, lakini ni laini, kisigino cha mgeni mmoja wa harusi kitaacha vishimo.

Lamineti inayong'aa madukani ina sura ya mbao juu na unga wa mbao uliogandamizwa ndani. Ikilowa inavimba kwenye maungio na hairudi, na haipigwi msasa. Kwa mji wa watu wa kudeki siipendekezi. Marumaru ni uamuzi wa heshima kwa korido, jikoni na chumba kinachoegemea jabali. Kumbuka tu kwamba vigae na saruji yake vinaweza kuinua usawa wa sakafu, milango ikahitaji kukatwa na kizingiti kati ya chumba na chumba kikawa cha kujikwaa. Gharama hizo ziingie kwenye bei ya fundi wa taili ndipo uilinganishe na ya seremala. Na pale vigae vinapokutana na mbao inayobaki, acha nafasi ya kama sentimita moja iliyofunikwa kwa ukanda. Ikijazwa saruji, mbao itakosa pa kutanukia msimu wa mvua na itajiinua katikati ya chumba.

Vibao vitakavyong'olewa vitolewe kwa patasi pana na nyundo, kimoja kimoja kuanzia kona iliyolegea, sio kwa mtaimbo. Vizima vifungwe mafungu kwa chumba vilikotoka, viwekwe juu ya chaga mbali na ardhi. Katika nyumba za mtaa mmoja zilizojengwa enzi moja vipimo mara nyingi hukaribiana, na jirani anayebakiza sakafu yake atakuwa anatafuta vibao ishirini vya mninga wa zamani ambavyo hakuna duka linalouza.